Baiskeli Inayosukumwa Hulia

Otilia mwanangu,

Usicheke. Najua umeshacheka. Miaka yote hii sijawahi kukuita hivyo kwa mdomo, kwa sababu tumepishana miaka minne tu na naona haya. Lakini mdogo wa mama yako ni mama yako, ndivyo tulivyolelewa, na Bibi alikuwa anakushika sikio mpaka uniamkie. Ulikuwa unasema harakaharaka, "Shikamoo-mamdogo-nipe-muhogo-wangu," kama neno moja. Leo nimeamua kulitumia jina langu, hata kama ni kwenye karatasi.

Ni mchana, mvua imekatika. Nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu changu kimejaa nguo zako zilizokunjwa. Wewe uko uani na Bibi mnachambua mchele wa safari, na hujanisemesha tangu jana jioni. Kesho asubuhi mtapanda treni, wewe na mama yako, kwenda Chita. Utaanza kidato cha kwanza huko, na kwa mara ya kwanza tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni utakaa nyumba moja na dada yangu aliyekuzaa. Na unaondoka umeninunia.

Najua sababu. Imeegeshwa kwenye ukuta wa jiko. Ni nyeusi, ya mkono wa pili, nzito, haina gia hata moja, na ina lile bomba la juu linalotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani kama baiskeli za wazee wanaobeba mkaa. Ulikuwa umeahidiwa ya zambarau, mpya, yenye gia. Aliyekuharibia ni mimi. Mimi ambaye wageni wakija nakimbilia nyuma ya mlango, nimefungua mdomo mara moja mbele ya wakubwa wetu wa nyumbani, nikaufungua kukunyang'anya baiskeli.

Jana Babu alipokuambia uijaribu ulisema, "Bora nitembee kwa miguu." Ukaingia ndani. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako ukiyasema, na hujui kutembea kulinigharimu nini.

Sitakuandikia habari za sabuni wala chumvi wala namna ya kukaa na watu. Hayo Bibi amekuambia tangu Jumapili, na atakuambia tena kesho dirishani treni ikiwa imeshaanza kutembea. Mimi nina jambo moja tu. Kutoka mashambani kwa mama yako hadi shuleni ni zaidi ya kilomita tisa, na njia inapita mbugani, kwenye udongo mweusi. Bila baiskeli hutamaliza mwaka. Ukiwa na baiskeli isiyofaa, hutamaliza masika. Nalijua hilo kwa sababu mimi sikuyamaliza.

Nilipoanza kidato cha kwanza nilikuwa na umri wako wa sasa. Shule ilikuwa ng'ambo ya mji, karibu saa mbili kwa miguu. Babu yako alinitolea baiskeli yake nyeusi, ileile unayoiita Punda. Aliifuta vumbi, akaipaka mafuta, akaiegesha mlangoni kama mtu anayeleta zawadi. Akaniambia, "Hii ndiyo iliyokuleta wewe kutoka hospitali. Mama yako amekaa nyuma, wewe umo kwenye kanga."

Sikusema sitaki. Unanijua, mimi sisemi sitaki, naacha kula. Niliacha kula siku mbili. Nilichokuwa nakiogopa ni lile bomba la juu. Nilijiona nimevaa sketi ya shule, nainua mguu mbele ya lango, wasichana wote wanatazama. Nilikuwa nimeona dukani karibu na soko baiskeli nyekundu yenye gia kumi na nane, na picha ya mwewe kwenye fremu, na bomba lake limelala chini kwa adabu. Sikuitaja kwa mtu. Nilikuwa napita tu pale na Babu, natembea polepole. Siku ya tatu akaelewa. Aliuza mpunga aliokuwa ameuweka kusubiri bei ipande, akaniletea ile nyekundu, nikala.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Nilienda na kurudi miezi miwili kama ndege, nakupita wewe na wenzako njiani napiga kengele. Halafu masika yakaingia.

Wewe umekua huku, udongo wetu mweusi unaujua. Haupakai tairi, unalivaa. Ile baiskeli ilikuwa na nafasi ndogo kati ya tairi na breki, matope yakajaa humo mpaka gurudumu likagoma. Nikawa nasimama kila baada ya hatua chache nachokonoa kwa kijiti. Siku moja, karibu na kalavati, kile kimkono cha chini kinachovuta mnyororo wa gia kilinasa majani na matope, kikapinda, kikawa kinagusa spoku. Tangu hapo nikikanyaga pedali mnyororo unaruka na miguu inazunguka bure. Nikishuka nikaisukuma, inakwenda vizuri tu, kama haina ugonjwa.

Nikaipeleka kwa fundi Kasiani, yule wa pale reli inapokatiza barabara, mwenye turubai la bluu. Aliitazama, akakigusa kile kimkono kwa kidole kimoja kama daktari.

"Binti, hii baiskeli ya lami," alisema. "Kifaa hiki hapa hakuna. Labda Morogoro."

Nikasema, "Asante," nikaondoka.

Soma hapo tena, mwanangu. Nilisema asante nikaondoka. Sikuuliza, "Sasa nifanyeje?" Sikuuliza kama kuna njia nyingine. Watu watatu walikuwa wamekaa pale kwenye benchi wakisubiri pancha zao zizibwe, na nilitaka tu wasiendelee kuniangalia. Miaka mitatu baadaye nilimkumbusha Kasiani siku ile. Akaniambia, "Ungesimama hata dakika moja! Ningekitoa kile kimkono, nikaukata mnyororo ukabaki na gia moja, ukapanda. Kazi ya muda wa kunywa chai." Alisema hivyo huku anacheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikalala mchana kutwa, nikamwambia Bibi kichwa kinauma.

Na Babu sikumwambia. Ningemwambiaje? Mpunga ulikwisha kuuzwa, na bei ilipanda mwezi uliofuata, nilimsikia akiizungumzia na jirani. Basi kila asubuhi niliitoa baiskeli uani nimeshika usukani, begi kwenye karia, nimenyoosha mgongo kama mtu anayetaka kupanda. Nikifika kwenye kona ya mkorosho, nyumba isipoonekana tena, niliendelea kuisukuma. Hadi shule. Jioni hivyohivyo, hadi nyumbani. Wengine waliotembea walikuwa wepesi kuliko mimi, maana wao hawakuwa na chuma cha kusukuma matopeni. Ningeweza kuiacha nyumbani nikatembea mikono mitupu, lakini wangeuliza.

Wewe ulijua. Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa unanisindikiza hadi konani. Siku moja ulinitazama ukaniuliza, "Mamdogo, baiskeli inakupeleka shule, au wewe ndiye unaipeleka?"

Nikakuambia, "Leo ni zamu yake kupelekwa."

Ukacheka, na kila asubuhi ukawa unauliza, "Leo zamu ya nani?" Ulidhani ni mchezo wetu. Hukumwambia mtu. Nakushukuru kwa kunitunzia siri, na natamani usingenitunzia.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, siku nne kwa wiki. Waliochelewa walibaki langoni wakifyeka majani mpaka kengele ya pili. Kwa wiki saba nilifyeka majani. Darasani walianza aljebra bila mimi. Nilipoingia, herufi zilikuwa zimeshageuka namba, na kila mtu anaona ni kawaida. Ningeweza kumfuata mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, sikuwepo, nieleze." Hata wewe unajua sikumfuata. Nilinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa. Daftari langu la hesabu la mwaka ule ni safi kuliko yote, na hakuna mstari hata mmoja ninaouelewa.

Watu wanadhani mtu mwenye haya ana heshima. Wazee wananisifu: binti yule mtulivu, hana maneno. Mimi nimejifunza kwamba ukimya wangu mara nyingi haukuwa adabu. Ulikuwa ni kuomba dunia ijitengeneze yenyewe ili nisisumbue mtu.

Aliyenikuta ni Babu. Jioni, natoka shule, nasukuma, nikasikia kengele ya Punda nyuma yangu. Alikuwa anatoka shamba na gunia nyuma. Akashuka, tukawa tunatembea sambamba, kila mtu na yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Imeharibika lini?"

"Leo."

"Leo," akarudia. Tukatembea kidogo. "Devota, nimekuwa nakusikia ukitoka uani wiki mbili sasa. Baiskeli inayopandwa hailii hivyo."

Sikuelewa. Akasimama, akaisukuma Punda hatua chache. Kwenye gurudumu la nyuma pakalia tik-tik-tik-tik. Kisha akasimamisha kabisa, akaniambia nisikilize. Akapanda, akakanyaga pedali, akanizunguka mara moja barabarani na gunia lake. Kimya.

"Umesikia? Mtu akikanyaga, inanyamaza. Ikilia tangu mlangoni hadi konani, ujue inasukumwa. Baiskeli inayosukumwa hulia."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Tulisimama pale wawili. Nadhani ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba haya zangu sikuziokota njiani. Babu yako amelima bonde hili tangu ujana wake, amezama mtoni akatoka, lakini kumuuliza binti yake "una nini?" kulimchukua wiki mbili. Wiki mbili zake na tano zangu za mwanzo, jumla ni masika mazima.

Akalishusha gunia, akalifunga kwenye karia ya ile nyekundu kwa mpira, akanipa Punda.

"Panda hii."

"Baba, nina sketi."

"Na siku zote ulikuwa unavaa nini?"

Walikuwa wanapita wanaume wanne wanatoka kuvuna. Nikailaza baiskeli kidogo upande, nikapitisha mguu mbele ya kiti badala ya kuurusha nyuma, kama alivyonielekeza. Nikayumba. Mmoja wao akapaza sauti, "Mzee, binti umempa ng'ombe wa kulimia!"

Babu akajibu bila kugeuka, "Mwache alime barabara."

Wakacheka, nikapanda, na haikuwa kitu. Ndicho ninachotaka ukijue kuhusu lile bomba la juu, Oti. Kicheko cha kwanza kinachukua muda wa kufika kwenye kalavati. Baada ya hapo kila mtu ana shida zake. Niliogopa dakika tano, nikalipa kwa wiki saba.

Nimekwenda na Punda hadi nilipomaliza kidato cha nne. Imenilaza njiani, ndiyo, hakuna baiskeli isiyomlaza mtu. Lakini haikunilaza mahali ambapo hapana mtu wa kuiamsha. Siku moja pedali ilidondoka kule mbele ya mto. Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa amebeba madumu ya maziwa kwenye baiskeli akashuka, hata hakuniuliza jina, akaigonga kwa jiwe ikaingia, akaendelea na maziwa yake. Breki za Punda ni za vyuma, siyo za waya. Kasiani anasema, "Breki za waya zinataka waya, na waya unataka duka. Za chuma zinataka nyundo tu, na nyundo kila nyumba ipo."

Sasa nikueleze la juzi na jana, maana uliona nusu tu.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda wote dukani. Ukaishika ile ya zambarau, ukachezesha gia, ukaniambia, "Mamdogo, sikia inavyolia kama saa!" Nikanyamaza. Nikatabasamu hata. Nilirudi nyumbani najichukia, kwa sababu niliona mdomo wangu unafanya tena kazi yake ya zamani.

Kesho yake nikaenda kwa Kasiani peke yangu. Benchini walikuwepo watu. Nikasimama mbele yao nikasema, "Shikamoo fundi. Mwanangu anakwenda kusoma Chita. Anunue baiskeli gani?"

"Mwanao!" akasema mmoja. "Wewe mwenyewe si juzi tu ulikuwa na sare?"

"Wa dada yangu," nikasema. "Ni wangu pia." Uso uliniwaka lakini miguu ilibaki pale.

Kasiani hakunijibu kwa jina la baiskeli. Aliniuliza, "Ikifa huko, nani ataifufua?" Kisha akaniambia kitu ambacho nitakikumbuka hata nikiwa mzee. Kabla hujanunua baiskeli, nenda kasimame kwenye mashine ya mpunga ya mahali utakapoishi. Angalia zilizoegeshwa. Usiangalie inayong'aa, angalia zilizo nyingi. Hizo ndizo ambazo mafundi wa pale wanazijua gizani, na spea zake zinauzwa hata duka la chumvi. Mtu wa mashineni amekuja na gunia na atarudi na gunia. Hawezi kujidanganya.

Usidhani sikukutafutia yenye sura. Pale kwa Kasiani kulikuwa na moja ya mtumba, ya kike, ina kikapu mbele, haina bomba la juu. Roho yangu ilikwenda pale moja kwa moja, nikakuona umeweka vitabu kikapuni. Nikainama nikasoma saizi ya tairi, nikamwita Kasiani. Akatikisa kichwa. Saizi ile hata hapa Ifakara huipati kila siku. Nikaiacha, na iliniuma kuliko ya zambarau.

Halafu mama yako akaja juzi kukuchukua. Jana mchana tumemaliza kula, akasema, "Oti, jiandae, tukachukue ile ya zambarau." Ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani.

Nikasema, "Dada, hapana."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Hata kuku alitoka mlangoni.

"Hapana nini?"

"Ile haifai kwenda Chita."

Mama yako akamgeukia Bibi. "Mama, huyu ameanza kusema lini?"

"Hata mimi nashangaa," Bibi akasema. "Mwache amalize, sauti yake ikikatika hairudi."

Lakini dada hakucheka. Aliniangalia, na macho yake yalikuwa na kitu kingine, siyo baiskeli. Amekuwa akileta fedha na mchele miaka yote, akakukosa usiku na mchana, na sasa siku anayotaka kukununulia kitu kizuri kwa mkono wake, mdogo wake anasimama katikati. Akaniuliza polepole, "Kwani wewe ndiye mama yake?"

Mimi nilitazama sahani. Nilijua jibu la adabu: nisamehe dada. Lilikuwa tayari mdomoni, limeshakunjwa. Sikulitoa.

"Ndiyo," nikasema. "Mdogo."

Babu ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akakohoa. Bibi akafuata. Mama yako akajaribu kukaza uso, ukamshinda. "Haya, mama mdogo," akasema, "tueleze."

Hapo ndipo wewe ulipoondoka kwa hasira, kwa hiyo hukusikia yaliyofuata. Nilimuuliza, "Dada, pale mashineni kwenu, baiskeli zinazoegeshwa ni za aina gani?"

Akafikiri. "Nyeusi."

"Zote?"

"Karibu zote. Kuna moja tu yenye gia, ya mwalimu."

"Na yeye huja nayo mashineni?"

Akaanza kucheka kabla hajajibu. "Haji nayo. Imening'inizwa ukutani sebuleni kwake. Ukienda kumsalimia unaiona hapo pembeni ya kalenda."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Jioni tukaenda kwa Kasiani, dada na mimi, tukaichagua nyeusi. Mama yako mwenyewe aliinua gurudumu akalizungusha kuangalia kama linapepesuka. Kwa fedha iliyobaki amenunua tyubu mbili, pampu, spana na matairi mapya, na imebaki tena ya viatu vyako. Usimwambie nimekuambia habari ya viatu.

Na sasa nikuambie ninalotaka ulibebe, hata kama baiskeli utaichukia mpaka mwisho.

Tangu upate akili hujaishi na mama yako. Na yeye hajaishi na wewe. Ni binti wa Babu kama mimi nilivyo, kwa hiyo atakapoona umekonda au umelia, huenda akasubiri umwambie. Na wewe umelelewa na mimi, kwa hiyo huenda ukasubiri akuulize. Mkifanya hivyo mtasubiriana mpaka masika yaishe. Usimsubiri. Pedali ikidondoka, sema siku hiyohiyo. Somo likikupita, mfuate mwalimu kabla wino haujakauka, useme, "Sikuelewa, nirudie." Ukiona haya, ona haya huku unasema. Inawezekana. Mimi nimefanya mara tatu mwezi huu na bado niko hai.

Na kama siku moja utaona kwamba nilikosea, kwamba njia ya huko ni kavu na nyeusi hii inakuchosha bure, niandikie uniambie. Sitakasirika. Nitaumia kidogo, halafu nitakuuliza mashineni wanapanda nini sasa.

Mimi pia nimeamua. Matokeo yangu yakitoka najua mstari wa hesabu utasema nini, na sitaukimbia. Nitarudia mtihani wa hesabu nikiwa nyumbani. Nimeshamfuata mwalimu wangu wa zamani, amekubali kunifundisha Jumamosi, tunaanzia aljebra, ukurasa wa kwanza, pale nilipokuwa nafyeka majani. Na Jumatatu naanza kujifunza kwa Kasiani. Aliniambia, "Mikono itakuwa myeusi." Nikamwambia udongo wa huku umeshaizoesha. Ukirudi likizo, matengenezo ya bure, mradi uniamkie vizuri.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini nimekusikia sasa hivi umesimama. Bibi anaita, "Otilia, unakwenda wapi na hiyo?"

"Dukani."

"Dukani kununua nini?"

"Nitajua nikifika!"

Sitachungulia. Nikichungulia utaona pazia linacheza, utaiacha ukutani kwa kunikomoa. Naandika tu ninayoyasikia. Stendi imegonga juu. Tik-tik-tik, unapita chini ya dirisha. Tik-tik-tik, uko langoni. Wale wasichana wa jirani wameshakuona, namsikia mmoja: "Oyaa, Oti! Umerithi ya babu?"

Na wewe: "Njoo uinyanyue kama unaiweza!"

Wanacheka. Wewe hucheki. Tik-tik. Tik. Nasubiri kishindo cha kuanguka.

Hakuna kishindo. Nasubiri ile tik-tik irudi, nimeinua kalamu.

Hakuna. Kimya tu, na kengele, mbali, imeshapita kona ya mkorosho.

Mama yako mdogo,
Devota